Nakala Tatu kwa Uhakiki

"Kuanzia Jumatatu, vitisho vya picha za uchi mtandaoni vimekoma!" Mwenyekiti Leodegar alitangaza hivyo Moshi mjini, mwaka 2004, na wananchi wakapiga makofi. Kamati yake ya kupambana navyo ikapewa ofisi, mhuri na karani mmoja, Eunike, aliyeketi dirishani kupokea malalamiko.

Wa kwanza kufika alikuwa Theopista, mwalimu kutoka mji wa Mkuu. Mtu aliyejiita daktari wa Ulaya alimbembeleza kwa barua pepe mpaka akamtumia picha moja. Sasa alitaka nyingine kila wiki. Asipozipata, ile ya kwanza ingefika shuleni.

"Anwani yake hii hapa, dada," Theopista alisema, akisukuma karatasi.

Eunike alisoma mwongozo kama ulivyoandikwa. "Ambatisha picha husika, nakala tatu. Wajumbe saba wataihakiki."

"Yaani na nyie mnataka anachotaka yeye?"

"Yeye hana mhuri, mwalimu."

Theopista aliondoka bila kuaga, karatasi akaiacha palepale. Eunike alishinda akiona haya siku nzima, lakini mwongozo haukuwa na kipengele cha haya.

Mwenyekiti hakuwepo, alikuwa kwenye utafiti. Kila mchana alijibanza kwenye kibanda cha intaneti karibu na stendi, akimsoma adui kwa barua pepe. Adui alijiita Jenifa, na alisomeka vizuri mno.

Wiki ya tatu, mwenyekiti alikuja dirishani mwenyewe, shingo imeingia mabegani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Eunike, kuna rafiki yangu mmoja, ametishwa..."

"Alete picha, nakala tatu."

"Picha ya nini tena? Anwani ya mhalifu si inatosha?"

Akaitoa. Ilikuwa ileile ya daktari wa Ulaya. Eunike akaziweka karatasi mbili pamoja, akamsogezea mzee azisome.

Kabla ya chai ya saa nne, kipengele cha picha kilikuwa kimefutwa kwa dharura na polisi wamepigiwa simu. Mwenye kibanda aliitambua anwani kuwa ya mteja wake. Jioni daktari na Jenifa walikamatwa wote wawili: mwanamume mmoja mwenye kitambi, akiwa kwenye kompyuta ya pili kutoka ile ya mwenyekiti.

Polisi walitaka saini za waliotishwa. Theopista alikuja amevaa gauni la kanisani, akasaini wa kwanza. Kisha Eunike akamgeuzia mwenyekiti jalada.

"Nasaini kama mwenyekiti," alisema, akikohoa.

"Hapana, mzee. Kama mlalamikaji wa pili."