Meneja, Paka Mweupe wa Kisiagi

Jumatatu, 4 Machi 1996

Nimepotelewa na paka. Jina lake Meneja. Dume, mweupe pe kuanzia masikio hadi ncha ya mkia, kilo nne na robo kwenye mizani yangu mwenyewe. Alipotea kati ya Alhamisi 22 Februari, saa kumi na mbili asubuhi, nilipopanda lori kwenda Thika kutafuta mkanda wa mashine, na Jumamosi 2 Machi, saa tisa alasiri, niliporudi. Siku kumi. Mtu amepata nafasi ya siku kumi!

Si mambo ya mapenzi. Mimi ni mtu wa kazi. Nilikuja Garissa na begi moja na spana mbili, na leo kisiagi cha unga kilicho karibu na soko la mifugo ni changu, mabati arobaini na nane, yote nimepigilia mwenyewe. Meneja alikuja ndani ya gunia la mahindi, kinda la kutoshea kwenye kikombe, tayari mweupe kwa vumbi na unga, na tangu siku hiyo hakuwahi kutoka. Miezi kumi na minne. Aliajiriwa. Wastani wake panya watatu na nusu kwa siku.

Badala yake nimekuta jambazi. Paka wa rangi ya chungwa, amelala juu ya mizani yangu kama amelipia. Nimemfukuza mara saba. Amerudi mara nane. Sijui hesabu hiyo inawezekanaje.

Jirani yangu Jawahir, mama yake Salah, anayeuza maziwa ya ngamia kwenye kibanda ubavuni mwangu, ndiye niliyemwachia kazi ya kuangalia kisiagi. Nimemuuliza paka wangu yuko wapi. Akaelekeza kidole kwenye mizani. Nikamwambia huyo si wangu. Akasema wallahi Kangethe, Thika imekuharibu macho.

Jumanne, 5 Machi

Nimebandika tangazo mlangoni. Nimeeleza uzito, rangi na tabia. Tabia ziko nne: hulala kwenye mizani hata kama mteja anapima, mashine ikikohoa mara ya pili huja mbio kukaa chini ya mdomo unakotokea unga, huwapanga panya aliowaua kizingitini, vichwa vikiangalia barabara, na nikianza kusali huwa anapiga miayo.

Mwalimu Kanana, Mmeru wa shule ya msingi, mteja wa debe moja kila Jumanne, amelisoma tangazo lote. Akatazama mizani. Jambazi alikuwa amelala pale. Akaniuliza, na huyu je, Baba Njoki? Nikamwambia huyo ni mgeni. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu mwalimu, mimi napima vitu kwa gramu, siwezi kukosea kitu kizima chenye miguu minne.

Akasema haya, na unga? Nikamkumbusha mashine haina mkanda mpaka Jumamosi, lori litakapoleta ule nilioagiza Thika. Ameondoka akicheka. Walimu wana muda mwingi.

Kizingitini asubuhi: panya watano, vichwa vikiangalia barabara. Nimefikiri sana. Hivi ni vitisho. Mtu anajua tabia za Meneja na ananitumia ujumbe.

Usiku nilipoanza kusali jambazi alipiga miayo. Nimesali kwa kifupi.

Jumatano, 6 Machi

Mtego. Kreti ya soda iliyopinduliwa, imeinuliwa kwa kijiti, kamba ya mita sita hadi kitandani kwangu, ini la mbuzi ndani. Meneja hawezi kupita ini.

Saa nne asubuhi: nimevuta kamba. Jambazi.
Saa sita: nimevuta. Jambazi.
Saa nane: nimevuta. Jambazi. Ini limekwisha.
Saa kumi sikuvuta. Ameingia mwenyewe, akalala humo, mkia nje.

Ni kweli Meneja naye alipenda makreti. Lakini paka wote hupenda makreti. Hiyo si hoja.

Ili kufunga mjadala nimempima. Kilo nne kamili! Meneja ni kilo nne na robo. Robo kilo nzima imekosekana, na huyu ameshiba ini langu mara tatu. Namba hazina undugu na mtu. Nimemwonyesha Jawahir karatasi. Akasema maskini huyo paka, amekaa siku kumi bila bwana wake, mtu hapungui? Nikamwambia asibadilishe mada.

Kumbe amempa jina. Anamwita Guduud, na maana yake kwa Kisomali, ameniambia, ni mwekundu. Nimemwuliza mtu mwenye akili anaachaje kumpa paka cheo akampa rangi. Akanijibu kwamba rangi haifukuzwi kazi.

Alhamisi, 7 Machi

Ushahidi! Nyuma ya kisiagi, kwenye tundu la bati la arobaini na saba, pana saruji kavu ambayo haijafagiliwa tangu niondoke. Juu yake nyayo za paka. Nyeupe, za unga! Nimepiga magoti nikazihesabu. Nyayo arobaini na moja. Zinaanza nyeupe sana tunduni, zinapungua, zinafifia, na ya mwisho, ambayo inaonekana kwa shida, iko kwenye mkeka wa Jawahir.

Kwa hiyo: Meneja alitoka mweupe, akaenda hadi mlangoni kwa Jawahir, na hapo ndipo weupe ulipoishia. Hakuna nyayo za kurudi. Alichukuliwa hapo.

Nimemwambia ana kwa ana. Mama Salah, paka wangu uko naye. Akasema ndiyo, niko naye, amelala kwenye mizani yako. Nikamwambia nataka yule mweupe. Akaweka chini kibuyu cha maziwa, akashika kiuno, akaita wanawake wote wa soko la maziwa waje wamwone mtu ambaye paka wake amefua nguo na yeye hamjui. Walikuja kumi na wawili. Wote wakacheka. Mmoja alinipa pole kwa mkono.

Kesho napeleka jambo hili kwa wazee.

Ijumaa, 8 Machi

Baada ya sala ya Ijumaa, saa nane, mbele ya hoteli ya chai. Mzee Gelle katikati, ndevu zake nusu rangi ya hina, nusu mvi kwenye mizizi. Huyu ndiye huamua kesi za ngamia waliopotea kuanzia hapa hadi Tarbaj, na watu husema anaweza kuangalia unyayo akakuambia ngamia ana mimba ya miezi mingapi. Wazee sita, mashahidi watano, chai ya rangi, mkeka. Mambo rasmi. Nilifurahi.

Mzee ameniuliza alama ya paka wangu. Nikamwambia kilo nne na robo. Akasema hapana, alama. Sikio limekatwa upande gani? Sikujua. Jicho? Nikasema mawili. Mguu gani hutangulia? Mama yake ni nani? Nikasema alikuja na gunia. Akawaeleza wenzake kwa Kisomali. Mmoja akasema astaghfirullah. Baadaye nilitafsiriwa: hawajawahi kuona mtu aliyekaa na mnyama miezi kumi na minne bila kumtazama.

Nikasema nimemtazama! Ni mweupe!

Ndipo mzee alipoinuka, akaja na fimbo yake hadi nyuma ya kisiagi, akachuchumaa kwenye nyayo. Hakutumia hata dakika moja. Akasema kidole cha nje cha mguu wa nyuma wa kushoto kimepinda. Akaagiza jambazi aletwe. Jawahir akambeba, akamgeuza. Kidole kimepinda. Mzee akaniambia, walaal, yaani ndugu yangu, mguu hausemi uongo, rangi ni nguo tu.

Nikamwambia kwa heshima zote kwamba vidole vilivyopinda ni vingi duniani. Mimi mwenyewe ninacho.

Hapo akaniuliza mbele ya watu: huyu wa chungwa ni wako? Nikasema si wangu. Akauliza mara ya pili, polepole, akinitazama kama anayenishika mkono nisianguke. Si wangu. Mara ya tatu. Jawahir mwenyewe aliniambia chinichini, Kangethe, sema ndiyo, twende tukafanye kazi. Nikasema mzee, hata ukiuliza mara kumi na tatu, mimi si mtu wa kuchukua mali ya wengine.

Hukumu: jambazi ni baadi, yaani mnyama aliyepotea na kuokotwa. Mwenyewe akijitokeza na kumkana mara tatu, anabaki kwa aliyemlisha. Ni wa Jawahir. Mashahidi wameitikia.

Kuhusu Meneja, wazee wamesema hawana paka mweupe wa kunipa.

Nimelala mapema. Mizani ilikuwa tupu. Nimeamka mara tatu kuiangalia, kwa sababu za kazi. Magunia mawili yametobolewa.

Jumamosi, 9 Machi

Dereva Alio amefika na mkanda saa kumi jioni, pamoja na msafara wa malori uliosindikizwa na askari. Mkanda ni mzuri. Lakini sikuuangalia sana, kwa sababu mzee Gelle alipita barabarani.

Ndevu! Jana nusu mvi. Leo rangi ya chungwa, kutoka mizizi hadi ncha! Nikamsimamisha nikamwamkia. Nikamwuliza ni nini. Akasema hina, mjukuu wake humpaka kila baada ya wiki tatu. Nikamwuliza kama inashika kwenye nywele nyeupe. Akasema nyeupe ndiyo inashika kuliko zote.

Nikatazama ndevu zake. Nikatazama kibandani kwa Jawahir. Paka amelala juu ya mkeka. Rangi ni ileile! Ileile kabisa!

Mama Salah ana mikono ya hina hadi vifundoni. Ana hina bakuli zima. Alikuwa na siku kumi.

Yote yameeleweka. Nyayo, panya, miayo, kidole kilichopinda. Ni Meneja! Amepakwa! Sikukosea hata mara moja. Nilimkana jambazi, si Meneja, kwa hiyo hukumu haihusiki.

Jumapili, 10 Machi

Sikwenda kanisani. Mungu anajua ratiba yangu.

Saa tatu, Jawahir akiwa sokoni, nimemchukua Meneja kutoka mkekani. Karai, maji vuguvugu lita nane, sabuni ya mche kipande kimoja, ndimu mbili.

Matokeo: mikwaruzo kumi na tisa, kumi na moja mkono wa kulia. Maji yametoka na wingu jeupe la kutoka ndani kabisa ya manyoya, halafu masafi. Rangi ya chungwa haikutoka hata kidogo. Imezidi kung'aa! Hii ni hina ya hali ya juu, pengine ya kutoka ng'ambo.

Amekaa juani akijilamba na kunitazama. Nami nikamtazama, nadhani kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu hivyo. Jicho la kushoto lina doa la kahawia. Sikio la kulia lina pengo dogo. Nimeandika, endapo wataniuliza tena.

Jawahir amerudi akamkuta amelowa. Hakupiga kelele, na hilo liliniogopesha. Amemfunga na shuka, akasema kama nataka paka niseme tu nataka paka. Mchana aje kisiagini kukamata panya, jioni arudi kwake kunywa maziwa, kila mtu apate baraka yake. Nikamjibu siwezi kugawana kilicho changu. Akasema, basi kaa na mizani yako.

Mchana nimefunga mkanda.

Jumatatu, 11 Machi

Saa moja kamili asubuhi nimewasha mashine. Foleni ya madebe ishirini na sita, Mwalimu Kanana wa tatu, amewahi kabla ya kengele ya shule. Mashine ikakohoa mara moja. Ikakohoa mara ya pili.

Akaja! Mbio, mkia juu, kupitia bati la arobaini na saba, akapita katikati ya miguu ya watu, akakaa chini ya mdomo wa unga, mahali pake, macho nusu. Unga ukaanza kumshukia. Kichwani, mabegani, mgongoni. Ilipofika saa moja na nusu alikuwa mweupe pe.

Meneja! Nimesimamisha mashine nikambeba mbele ya wateja wote. Vumbi liliniingia macho yote mawili kwa wakati mmoja. Nimempima. Kilo nne na robo! Namba hazina undugu na mtu.

Saa mbili Jawahir akamwita kutoka kibandani, mara moja tu, kwa sauti ya chini. Mchuuzi wa maziwa ana silaha ambayo mimi sina. Meneja akaruka chini, akafika mlangoni, akajikung'uta. Wingu! Na aliyetoka kwenye lile wingu ni wa chungwa.

Mwalimu Kanana akanishika bega. Akaniuliza, Baba Njoki, sasa umeona? Nikamwambia nimeona. Akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia mambo yako wazi hata kwa mwanafunzi wa darasa la kwanza: chini kabisa kuna paka mweupe, juu yake hina, juu ya hina unga. Tabaka tatu. Unga hufunika hina, lakini haushiki. Ameketi kwenye gunia lake akafunika uso na kanga. Nadhani naye anaona uchungu wa dhuluma niliyotendewa.

Nimemwandikia Jawahir barua. Wakati naandika, Meneja alirudi kwa tundu, akapita juu ya karatasi, akaacha nyayo nne nyeupe, kidole kimoja kimepinda. Nimezizungushia wino kama kiambatisho. Sasa amelala kwenye mizani na mteja anasubiri, amsubiri. Barua yenyewe nainakili hapa ili isije ikakanwa:

"Mama Salah, salaam. Kuhusu paka wangu mweupe, Meneja, uliyempaka hina nikiwa Thika. Sitaki maneno ya baadi, wala ya nusu mchana nusu jioni, wala kicheko. Ndevu za mzee Gelle huchukua wiki tatu. Manyoya ya paka ni mafupi, kwa hiyo nimekadiria siku kumi na mbili, lakini mimi si mtaalamu wa hina, wewe ndiye. Nijibu moja kwa moja, kwa namba, si kwa wallahi: itatoka baada ya siku ngapi? Nasubiri jibu leo, kabla ya saa kumi jioni. — Kangethe, mwenye kisiagi na mwenye paka."