Hatua Mia za Profesa Nofrosti

Jumatatu, 4 Mei

Saa kumi na mbili asubuhi, kama kawaida, Mwalimu Evodius ameturushia "Je, Wajua?" yake kwenye kundi la wasap la mtaa. Leo: pweza ana mioyo mitatu. Makofi arobaini na moja! Mimi jana niliandika aya tatu kuhusu mtaro wetu ulioziba hapa Tangini, Kibaha. Lilikuja jibu moja, mtu akiuliza nani anauza mkaa.

Nimewahesabu waliompigia makofi. Wa kumi na saba ni Maulida. Mke wangu wa ndoa! Nimemuuliza pweza anamhusu nini. Amesema yeye ni muuguzi, mambo ya moyo yanamhusu, kisha akaondoka zake kwenda zahanati.

Mwalimu ni mstaafu. Kafundisha baiolojia miaka thelathini, ana maajabu ya akiba mpaka siku ya kufa. Mimi nina miaka hamsini na moja, nipo masjala, nahamisha mafaili kutoka kabati la kushoto kwenda kabati la kulia. Bosi akibadilika, nayarudisha. Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza.

Jumanne, 5 Mei

Nimeamka mapema kutafuta ajabu langu mwenyewe. Sina vitabu. Nimekaa jikoni na chai ya rangi. Nje lori la mchanga likawa linarudi nyuma, ti-ti-ti-ti. Wazo!

Nimeandika: "Watafiti wa Ufini wamegundua kwamba kutembea kinyumenyume hatua mia kila asubuhi hushusha presha." Nimechagua Ufini kwa sababu simjui mtu yeyote aliyefika huko. Ikabidi awepo na profesa. Kuinua macho, mlango wa jokofu letu umeandikwa NO FROST. Profesa Nofrosti! Jina zito, la mtu mwenye miwani.

Habari bado ilionekana fupi. Nikaongeza sentensi moja ili ijae tu: "Wengi wameacha kabisa vidonge." Nikatuma.

Makofi sitini na tatu! Mwalimu Evodius akataka kujua chanzo. Nikamjibu chanzo ni Ufini. Akasema Ufini ni nchi nzima. Nikamwambia ndiyo hivyo, nchi nzima imekubali. Watu wakamcheka. Nimekwenda kazini kama mtu aliyepandishwa daraja.

Jioni Maulida kaniuliza habari ile nimeitoa wapi. Nimesema nilitumiwa. Akaandika kwenye kundi kwamba asithubutu mtu kuacha dawa bila kumwona daktari. Kapata makofi mawili. Moja langu, nisionekane mbaya.

Alhamisi, 7 Mei

Mtaa mzima unarudi nyuma.

Sitanii. Saa kumi na mbili na nusu nimesimama getini nikashuhudia. Mzee Zubeir kapita kinyumenyume na redio mkononi, akagonga nguzo ya umeme, akaiomba radhi. Jenifa wa maandazi anahesabu kwa sauti, akifika arobaini anasahau, anaanza upya. Ofisini nimesikia na Pangani wameanza. Mhasibu anasema hata shemeji yake wa Ruvu katumiwa. Redio moja ya asubuhi imeisoma, mtangazaji akatamka "Nofrosti" vizuri kuliko mimi.

Jioni kulikuwa na mkutano wa mtaa kuhusu mtaro. Mwenyekiti wetu, Mzee Jumbe, kwa miaka mitano amekuwa akituambia hatutarudi nyuma. Leo kaanza kwa kutuongoza hatua kumi za kurudi nyuma, kwa ajili ya afya. Mtu wa nyuma akauliza je, na kuruka mtaro nako tuhesabu ni mazoezi? Mkutano ukafungwa kabla mtaro haujatajwa mara ya pili.

Mwalimu Evodius leo ametoa habari za usingizi wa twiga. Makofi matano! Nilitegemea nifurahi zaidi. Nimetembea mtaa mzima kuitazama kazi yangu, miguu inaniuma.

Ijumaa, 8 Mei

Siku mbaya.

Saa nne, nikiwa masjala, umeingia ujumbe wa mama kutoka Kisarawe. Juu yake vile vishale viwili na maneno "Imesambazwa mara nyingi". Profesa Nofrosti! Chini yake ujumbe wa sauti. Mama anasema nisome vizuri, hii imetoka kwa wataalamu, maana presha ni ya ukoo, na mimi nimo. Anasema yeye vidonge kaviacha tangu Jumatano na sasa mwili mwepesi.

Mama ana miaka sabini na mbili. Vidonge vile anameza mwaka wa tisa huu. Baba yangu aliondoka kwa presha, asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu.

Nimempigia. Nimemwambia habari ile si kweli. Kaniuliza nimejuaje. Nikakohoa. Kaniuliza kati yangu na Profesa Nofrosti nani kasoma zaidi. Nikakohoa tena. Akasema, "Miye namwonea wivu mama aliyemzaa yule. Kuna watu wana bahati ya watoto, Mbaraka." Kisha akakata, alikuwa na hatua sitini za kumalizia.

Ningeweza kusema ukweli pale pale. Nimefikiria makofi sitini na tatu, nimefikiria uso wa Mwalimu Evodius, nikaona iwepo njia nyingine. Ndiyo tabia yangu ya siku zote, kukwepa.

Jumamosi, 9 Mei

Njia nyingine: nimemfanya Profesa ajikane. "Profesa Nofrosti wa Ufini aomba radhi, asema alikosea hesabu, wagonjwa warudie vidonge." Nimeituma kwenye makundi sita na kwa mama moja kwa moja. Nikakaa kusubiri isambae.

Haikusambaa. Kwenye kundi la mtaa nimepata kidole gumba kimoja na maneno ya Mzee Zubeir kwamba profesa wa watu kanunuliwa na wenye viwanda vya dawa. Wenzake wakaunga mkono. Jenifa akaandika "tunasimama na Profesa". Ndani ya nusu saa nimekuwa adui wa mtu niliyemtoa kwenye mlango wa jokofu.

Mama naye amejibu. Anasema kasikitika sana, ila haamini, mtoto wa watu lazima wamemtisha. Anamwombea dua.

Uongo wangu umefika mpaka Ruvu kwa miguu yake. Ukweli nimeubeba mgongoni na haujavuka barabara.

Jumapili, 10 Mei

Nimekwenda Kisarawe mwenyewe. Kwenye ramani Kibaha na Kisarawe ni majirani. Aliyechora ramani hakupanda bodaboda kutokea Kiluvya.

Nimemkuta mama kwenye kilima nyuma ya nyumba, kanga kaikaza kiunoni, anapanda kinyumenyume. Nimeuamkia mgongo wake. Ukaitikia marahaba, sabini na moja, sabini na mbili. Akanigonga kifuani ndipo akageuka. Alikuwa anatabasamu, ila macho mekundu. Nimemuuliza habari ya kichwa. Akasema kinagonga kidogo hapa nyuma, damu inajipanga.

Damu inajipanga! Sikuandika hilo mimi. Nani kaliongeza?

Nikamwambia mama meza dawa. Akaniuliza imeandikwa wapi. Hapo nikapata mpango wa tatu. Nimekwenda nyuma ya choo nikaandika kwamba Profesa Nofrosti anasisitiza: hatua mia hazifanyi kazi bila kumeza kidonge kwanza. Uongo mzuri, wenye faida! Sikumtumia mama, kwangu haamini. Nimeutuma Tangini, uzunguke, umfikie kupitia jirani yake Bi Mwanakheri, kama ule wa kwanza.

Tukakaa. Tumekula ugali na mchicha. Mama kila simu ikilia anatazama, mimi namtazama yeye. Saa sita. Saa saba. Limeingia tangazo la msiba, limeingia tangazo la kuku wa mayai. Profesa hajaingia.

Saa nane na robo mama kasimama kwenda kuchota maji, akashika ukuta, akaketi chini pale pale. Taratibu, kama mtu aliyeamua kupumzika. Nilipomwita alinijibu jina la marehemu baba.

Sijawahi kuogopa vile. Nimempigia Maulida, nikamwambia mama kaanguka. Hakuuliza chochote, alisema hospitali, sasa hivi. Jirani mwenye bajaji ametupeleka. Presha mia na tisini kwa mia na kumi. Muuguzi kauliza bibi aliachaje dawa. Mama kasema kwa fahari, Profesa. Muuguzi akapumua, akamwambia mwenzake kwamba huyu ni wa nne wiki hii.

Nimeomba kiti. Wa nne. Wana watoto wao pia, wamekaa kwenye viti kama mimi, ila wao hawajui wamlaumu nani.

Jumatatu, 11 Mei

Mama yuko kwetu Kibaha. Presha imeshuka kiasi. Jana alimeza dawa kwa amri ya daktari, leo asubuhi kagoma. Anasema akipata nguvu atarudia hatua zake, vidonge vinachosha.

Maulida akaenda kumtolea maji ya kunywa. Kafungua jokofu. Kalifunga. Akabaki amesimama pale mbele ya mlango, anasoma. Miaka ishirini na mbili mwanamke huyu ananiita Baba Latifu. Leo kaniita Mbaraka.

Nimepiga magoti mbele ya mama. Nimesema yote. Lori la mchanga, jokofu, sentensi ya kujazia. Nimesema Profesa Nofrosti ni mimi. Machozi yamenitoka na sikuyatafuta.

Mama kaniangalia kwa huruma. Kisha kamwambia Maulida, "Mkwe wangu, mtazame na huyu, kaanza kuweweseka. Mbaraka weye mtihani wa fizikia uliandika jina tu, ukapanga foleni ya kutoka. Profesa wapi?" Haamini! Nadanganya naaminiwa mpaka Ruvu, naungama nakataliwa na mzazi.

Maulida kamwita Mwalimu Evodius. Nimetamani mtaro ule unimeze, ila umeziba. Mwalimu kaja na mashine ya kupimia presha na kipande cha mpira wa kumwagilia bustani. Hakusema "Je, Wajua?" Kamsalimia mama shikamoo. Kamwonyesha maji yanapita vipi kwenye mpira, kisha kaubana, kamshikisha mama aone unavyovimba. Kamwambia mpira huu ndio mshipa wako bibi, na kidonge ndicho kidole kinachoachia. Mama kauliza, na ukiendelea kubanwa? Mwalimu kamjibu hupasuka. Mama akanyoosha mkono, akaomba dawa yake na maji.

Dakika kumi! Bila profesa. Alipokuwa anatoka, Mwalimu kanigusa bega na kusema haya mambo hutokea. Kwenye kundi hajaandika neno. Ningefurahi kama angenitukana.

Mama anasema kijana yule wa Kihaya ana akili. Anauliza kama mama yake yupo hai, ampelekee salamu za pongezi.

Jumatano, 13 Mei

Mama anameza dawa asubuhi na jioni, anajiwekea alama za mkaa ukutani. Tayari ananuna akicheleweshewa chai. Nimemshukuru Mungu kwa moyo wote. Nimeapa, sitaandika tena habari ya afya maishani mwangu.

Jana Maulida, kwa kuwa mashine ya Mwalimu bado ipo kwetu, katupima wote. Mimi: mia na sitini na nane kwa mia na nne. Kapima mara tatu. Kasema leo nimfuate zahanati, na nijiandae, huenda vikawa vidonge vya kila siku. Kila siku! Mwaka wa tisa kama mama, alama za mkaa ukutani. Nimechoka hata kabla ya kuanza.

Usiku nikalala. Alfajiri simu imelia. Ni kundi la niliosoma nao Mlandizi, watu wazima, mmoja ni ofisa kilimo. Profesa Nofrosti karudi. Safari hii ana picha! Mzee wa kizungu, koti jeupe, miwani kama nilivyomfikiria. Ana uso wa mtu mkweli. Na chini yake imeandikwa kwamba jaribio limefanyika kwa watu elfu nne.

Nimeisoma mara mbili. Elfu nne sikuandika mimi. Mimi niliandika mstari mmoja na wa kujazia. Hao elfu nne kuna mtu kawahesabu mahali. Na imesambazwa mara nyingi. Haiwezekani Ruvu yote, Pangani yote, na ofisa kilimo, wakosee kwa pamoja. Pengine mimi nilibahatisha tu kitu ambacho Ufini walikuwa nacho tayari.

Zahanati nitakwenda Ijumaa. Au wiki ijayo.

Leo, kabla Maulida hajaamka, nimekwenda nyuma ya nyumba nikapiga hatua mia. Kwenye ya sitini kichwa kiligonga kidogo hapa kisogoni. Si kitu, damu inajipanga. Mama asijue.