Sisi Hatuna Wagonjwa

Jumatatu, 14 Julai 1975

Habari kubwa! Wazungu wa sinema wako Musoma. Wanapiga picha za matibabu ya nchi mbalimbali, wapate kuzilinganisha. Wameshapita Kyuba na Marekani. Ijumaa watafika kijijini kwetu. Na kijiji cha jirani, cha mwenyekiti Machage. Bahati mbaya.

Bwana Leodgar, dresa, anatibu vijiji hivi viwili kwa zamu, kwa baiskeli. Ofisa atakayewaleta wageni ataamua dresa akae wapi moja kwa moja. Lazima akae kwetu! Mke wangu Nyangi ana mimba ya miezi minane, na katibu wa kamati ya afya ni mimi. Machage akimpata dresa, nitahama mkoa.

Jumatano, 16 Julai

Nimewaza hadi uji ukapoa. Kulinganishwa ni kushindanishwa, hakuna jingine. Timu gani inapanga majeruhi? Leodgar anasema Marekani mgonjwa analipa ndipo atibiwe. Hao tumeshawafunga. Amebaki Kyuba. Dawa yake nimeipata: tusionekane na mgonjwa hata mmoja!

Wagonjwa wote wataingia ghala la pamba mpaka wageni waondoke. Leodgar alinuna, akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwambia hajui siasa. Nyangi akauliza kama naye ataingia ghalani. Nikamjibu mimba si ugonjwa. Akasema hata akili yangu si ugonjwa, nimezaliwa nayo. Sikuelewa alikokuwa anaelekea.

Ijumaa, 18 Julai

Ushindi! Wageni walikaa zahanati tangu asubuhi wakingoja mgonjwa. Hayupo! Mwisho mwenye kamera akampiga picha mbwa wa Leodgar, naye mzima.

Shida ilikuwa vumbi la pamba. Ghala likaanza kukohoa. Ofisa akauliza mle mna nini. Mbuzi, nikasema. Papo hapo mbuzi mmoja akaomba maji kwa sauti ya Mzee Mayala. Nikaanzisha wimbo wa chama kwa nguvu zote, akina mama wakaitikia. Ofisa akanipa mkono, akasema hajaona kijiji chenye afya namna hii. Nusura nilie kwa furaha.

Nasikia Machage aliwapanga wagonjwa wake barabarani kama gwaride, na wengine aliwaazima kwa shemeji zake wa Mugango. Aibu iliyoje mbele ya Kyuba!

Jumamosi, 26 Julai

Nimekwisha. Ofisa amerudi na amri: Leodgar anahamia kwa Machage, na kabati lake la dawa. Dawa ziende kwenye ugonjwa, anasema.

Nilimwapia kuwa tuna wagonjwa tele. Akacheka, akanisifu kwa unyenyekevu wangu. Nikamwita Mzee Mayala aonyeshe kidonda chake. Akakataa katakata. Alisema wiki iliyopita alikuwa mbuzi, na mbuzi hatibiwagi na dresa.

Nyangi amenitamkia sentensi moja tu tangu mchana. Akijifungulia njiani, mtoto ataitwa Sinema, na jina la baba litaachwa wazi. Iliniuma sana.

Jumanne, 5 Agosti

Nyangi amehamia kwa dada yake, kule kwa Machage, awe karibu na dresa. Kaondoka na kitanda. Mimi natetemeka kwa homa mkekani tangu jana. Vidonge viko kwa Machage. Afadhali nitetemeke.

Lakini Mungu si Athumani! Wiki ijayo wanakuja wakaguzi wa kisomo cha watu wazima kulinganisha vijiji. Chenye wasiojua kusoma wengi zaidi kitaongezewa mwalimu na taa za karabai. Machage ameshaanza kuwapanga wake barabarani, mjinga yule. Mimi nimeagiza siku hiyo wote wasiojua kusoma waende ziwani kuvua, wasirudi mpaka jioni. Nani atatupa mwalimu akituona hatujui kusoma?