Kiti Kisichosogea

Jumatatu, 4 Agosti

Baridi. Wingu limelala juu ya mapaa ya Buruburu kama blanketi zito. Ndani yake ndege inashuka. Haionekani, inasikika tu. Rubani anaijuaje njia? Nilisimama uani nikiwaza mpaka chai ikapoa. Aoko akauliza kama nilimwoa yeye au niliioa mbingu.

Jumamosi wanakuja kumposa binti yetu, Akech. Kiongozi wa wageni ni Mzee Johnson, ami wa kijana. Mtu wa heshima zake! Mwaka jana, kwingine, hakupokewa langoni. Aligeuza gari, na posa ikafa palepale. Akech halali.

Kazi yangu ni moja: Mzee afike lango letu. Rahisi? Kila anayefuata ramani ya simu huishia kwa Twalib, jirani wa kushoto. Krismasi samaki wangu kutoka Kisumu walishukia huko. Twalib aliapa hakuona jina, midomo iking'aa mafuta.

Aoko anasema nisimame barabarani nipunge mkono. Mimi! Mstaafu wa baraza la jiji!

Jumanne, 5 Agosti

Oketch, mkwe mtarajiwa, alipita kutusalimu. Hutengeneza vyombo vya kuongozea ndege. Nikamuuliza habari za wingu.

Ajabu tupu. Satelaiti humwambia rubani alipo, lakini hukosea kidogo. Basi huko chini kuna vituo vinavyojua hasa vilipo. Vinasikiliza satelaiti, vinaona imekosea kiasi gani, na kosa lile linapelekwa juu kwa satelaiti nyingine, inayolitangaza kwa ndege zote. Rubani anajirekebisha, anashuka polepole kwenye weupe ule, uwanja unamjia miguuni. Na mtambo ukijishuku, humwonya mara moja asiuamini.

Aoko, akimenya viazi, alisema hicho cha mwisho ndicho kilichosahaulika nilipoumbwa.

Nilikuwa nimeshapaa.

Alhamisi, 7 Agosti

Mimi ni kituo! Nimeweka kiti langoni. Najua hasa nilipo: kwangu. Simu inaniweka kwa Anyango wa saluni, lango moja kulia. Hilo ndilo kosa! Ndiyo maana anayeifuata huishia lango moja kushoto. Nawatangazia wageni: simu ikisema mmefika, ongezeni lango moja kulia.

Nilijaribu kwanza kwa Adhiambo, muuza dagaa wa omena. Alitua mlangoni bila kuuliza mtu. Nilikaribia kumkumbatia, karai na yote.

Twalib alichungulia ukutani. Akataka kujua, bwana Odongo, kama ndege kubwa zitatua hapa au ni za abiria wachache tu. Mwache acheke. Samaki wangu bado wamo tumboni mwake.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku yenyewe. Nimevaa suti. Nimekaa kitini tangu asubuhi. Baridi inauma magoti. Kisha jua! Kipande kidogo, cha dhahabu, langoni pangu. Kikaanza kusogea. Mtu hasogei mbali, ni kuvuta kiti kidogo tu. Tena kidogo. Wingu likafunguka, ndege ikapita, tumbo lake likimeta kama samaki. Nilijiona niko juu, Buruburu yote chini yangu, kila lango lina taa yake.

Nikatazama simu. Ee Mungu! Inaniweka kwangu, sawasawa! Kosa limetoweka! Satelaiti zimejitengeneza zenyewe kwa heshima ya Akech. Nikawatangazia wageni kwa simu: leo msiongeze chochote, iaminini simu.

Nikafumba macho kidogo.

Nikaamshwa na kikohozi. Mzee Johnson, kofia mkononi, akiuliza kama huyu aliyeacha mdomo wazi ndiye baba wa binti. Nikawakaribisha kwa mikono miwili, nikawafungulia lango.

Lango la Twalib.

Nilikuwa nimelifuata jua mpaka kwake.

Mzee aliposikia Aoko akiniita kutoka lango letu, alirudi nyuma hatua. Akavaa kofia. Akasema amezunguka sana maishani, ila hajawahi kukaribishwa kwa mtu mwingine na mwenye nyumba aliyelala. Akageukia gari. Akech alikuwa amesimama mlangoni kwetu na leso yake mpya.

Ndipo Twalib alipotoka, kanzu safi, akamshika Mzee mkono. Akasema hapa kwao mgeni wa Odongo huanzia kwake, kuonja, ndipo avuke. Hata samaki hufuata njia hiyo. Kadija, mkewe, akaleta mahamri. Mzee akaonja. Akaonja tena. Akavua kofia, akavuka kuja kwetu.

Arusi ni Desemba.

Jumapili, 10 Agosti

Aoko ameongea na mimi mara moja tu, kuniambia niwapelekee akina Twalib samaki. Nimewapelekea. Twalib akauliza, jirani, safari hii wamefikaje bila kupotea? Akech alicheka mpaka akalia.

Jumatano, 13 Agosti

Nimewaza sana. Mtambo hauna lawama. Uliwaleta pale pale nilipokuwa! Kosa ni la kiti. Kituo cha kweli hakisogei.

Kwa hiyo, kwa ajili ya arusi, nimekifunga kiti kwa kamba ya katani, mafundo mazito, kwenye kitu kizito kuliko vyote hapa nje: mkokoteni wa Magan muuza maji. Nimeutazama tangu alipoingia kunywa chai. Haujatikisika hata kidogo.