Nitaacha Baada ya Jumamosi

Jumatatu, 3 Februari 2003

Zipu imefunga! Imefika mpaka shingoni, bila binti yangu Mumbi kuvuta, bila mimi kushika pumzi. Rinda la kahawia ambalo fundi alisema litatosha mtu mwingine, leo limenitosha mimi Waithera. Nimejiangalia kwa kioo nikageuka mara nyingi hata nikasikia kizunguzungu.

Nikapita dukani kwa bwanangu Gakuru nikapanda mzani wake wa chakula cha ng'ombe. Mwaka jana nilikuwa gunia na debe juu. Sasa ni gunia tu, tena kama limetoboka chini. Aliangalia hiyo sindano ya mzani kama mtu ameibiwa. Akasema niache hiyo dawa ya kupunguza mwili leo leo. Ati wateja wanamuuliza kama siku hizi analisha ng'ombe za watu na kusahau nyumbani. Nikamwambia sawa baba, nimeacha.

Nilikuwa sijaacha. Vidonge viko ndani ya mkebe wa unga wa wimbi. Gakuru hapendi uji, hawezi kufungua huko.

Virginia, jirani wa mlango wa pili, yule wa shingo ndefu, yeye anasema nisiache hata kidogo. Ati nikiacha leo, kesho naamka mnene kuliko nilivyokuwa. Kuna mwanamke anajua huko Ngong alifura kama andazi. Nikamwambia sawa, siachi.

Halafu Jawahir. Huyu ananiuzia leso na ni rafiki wa kweli. Anasema wallahi mama wa bibi harusi lazima ajaze kiti, watu wa bwana wakija waone kuna mtu. Niache polepole. Nikamwambia sawa, naacha polepole.

Watatu wote wameenda wakiwa na furaha. Mimi naona ni akili hiyo.

Jumatano, 5 Februari

Mambo yameharibika!

Mumbi amekuja kutoka kazini akilia mpaka pua imekuwa nyekundu. Katoo wake, kijana mzuri, mwenye adabu, amemwambia kuna maneno kule kwao Kisaju. Mama yake alikuwa sokoni akasikia mama ya Mumbi anakwisha. Ati ni ugonjwa mkubwa, ule watu hawataji. Sasa wazee wao wanasema mambo ya harusi yangoje kidogo. Jumamosi wanakuja hapa Kitengela. Zamani walikuwa wanakuja kupanga siku. Sasa wanakuja kuniangalia!

Nikauliza nani ameeneza. Mumbi akasema hajui. Mimi najua. Virginia huuza mayai Kisaju kila siku ya soko. Nilimwendea mbio. Akaapa hakusema mimi ni mgonjwa. Alisema tu nimekwisha. Ati alikuwa ananisifu.

Mumbi anasema dawa ni rahisi, tumwambie Mama Katoo ukweli, kwamba ni vidonge vya daktari kwa sababu ya magoti na sukari. Mtoto huyu amesoma lakini hajui watu. Kiangazi hiki ng'ombe za Kajiado yote zinakonda bure. Zinaanguka njiani. Halafu mimi nimwambie yule mama, mwenye kuamka alfajiri kutafutia ndama majani, kwamba nameza dawa ndiyo nikonde? Afadhali nizame.

Nitafanya njia yangu. Ikiwa wanataka kuona mwanamke mnene, watamwona.

Alhamisi, 7 Februari. Hapana, ni 6

Nimeenda Kajiado mjini kwa Daktari Muthama. Huwa naenda huko mbali ndiyo nisipatane na watu wa kanisa. Nikapatana na mwenyekiti wa akina mama, pale kwa benchi, akiwa na kikohozi. Tukasalimiana kama watu hawajaonana.

Daktari amepima damu, amebonyeza magoti. Anasema sukari imerudi chini vizuri. Magoti yangu hayalii tena. Akasema vile vidonge vimefanya kazi yake, na sasa tunaweza kuacha, mradi niendelee kutembea na kula vile alinionyesha. Halafu akaniuliza mimi mwenyewe nataka nini.

Watu wote wameniambia nifanye nini, na huyu ndiye wa kwanza kuniuliza. Karibu nilie. Nikamwambia ukweli. Nimechoka kula kwa woga. Na hivi vidonge, kila nikionja kitu cha mafuta lazima nikimbie, na choo cha ploti yetu kiko nyuma kabisa, unapita banda la kuku la Virginia. Nataka kula na watoto wangu nikiwa nimetulia. Akacheka. Akasema basi hiyo ni sababu nzuri, niache leo.

Nikasema asante daktari, nimeacha.

Lakini nilipofika kwa mlango nikafikiri. Yule mama wa Ngong alifura kama andazi. Je, nikifura Jumamosi kabla ya wageni kuondoka? Rinda likatike mbele ya wazee? Hapana. Nitaacha baada ya Jumamosi.

Mumbi amesema lakini mama, si unataka kuonekana mnene? Nikamwambia asinichanganye. Unene wa kuonekana ni wangu, naupanga mimi. Unene wa kufura haupangwi na mtu.

Ijumaa, 7 Februari

Leo ni kujaribu mavazi. Nilimwita Jawahir na mlango tukafunga.

Kwanza petikoti mbili. Juu yake sweta ya Gakuru ya sufu. Kiunoni mito miwili ya kiti cha sebuleni, mmoja kila upande, Jawahir akaifunga kwa leso akivuta kwa mguu ukutani. Kifuani taulo. Rinda la kahawia likakataa, bila shaka. Baada ya kazi yote hiyo ya zipu! Nikavaa dera kubwa la Jawahir la maua ya zambarau.

Joto! Jua la Februari na sufu ya kondoo. Jasho lilitoka hata kwa masikio. Jawahir alinizunguka akasema mashallah, sasa hiyo ni mama ya mtu. Ila nisikae haraka, kwa sababu nikikaa mito inapanda kwapani.

Gakuru akaingia kwa mlango wa jikoni. Akavua kofia, akanisalimia kwa heshima sana. Akaniambia karibu mama, kama ni Waithera unatafuta, yuko hapa hapa karibu, ngoja nimwite. Akatoka nje akaanza kuniita!

Jawahir alianguka kwa kochi lisilo na mito.

Niliporudi kuwa mwenyewe, nikamweleza bwanangu mpango wote, isipokuwa ile sehemu ya vidonge. Akasema yeye hana neno, lakini sweta irudi bila harufu ya pilau.

Jumamosi, 8 Februari

Sijui nianzie wapi. Naandika nikiwa nimekaa kwa upande.

Asubuhi nilimeza kidonge na chai. Cha mwisho, nikajiambia. Nilipanga nile wali mweupe na kabichi, nitabasamu, wanione nimejaa, waende. Nani angejua?

Wamekuja wazee watatu, Katoo, na Mama Katoo. Mwanamke mrefu, shanga mpaka mabegani, macho ya mtu anayejua ng'ombe mgonjwa kutoka mbali. Nikasimama nikamsalimia kwa Kimaasai, supa, yeye akajibu ipa, akanishika mkono hakuachilia. Alinitazama uso. Uso nilisahau kujaza! Akatazama shavu, akatazama kiuno, akarudi kwa shavu.

Chakula kikaja. Virginia alikuwa amejileta na sinia ya chapati, ati kusaidia. Ndipo Mama Katoo akafungua kikapu chake akatoa kibuyu. Akasema, na Katoo akitafsiri, kwamba kwao mtu akipungua nguvu hawajichoshi na kuongea, wanamchinjia. Amemchinja kondoo wake mnene, katika kiangazi hiki, akayeyusha mafuta yake yote na kuniletea mimi, mama ya msichana wao. Ninywe, yeye akiona. Hakuja kunikagua. Alikuja kunitibu!

Sasa ungefanya nini? Mwanamke ameua kondoo ya pekee iliyo na mafuta kati ya Kisaju na hapa. Kumkatalia ni kumkatalia mtoto wake. Mumbi alikuwa ananikonyeza kwa macho yote mawili, usinywe mama, usinywe. Virginia akasema kwa sauti, kunywa Mama Mumbi, hata mimi ningekunywa.

Nikanywa. Kikombe kizima. Wazee wakanguruma vizuri. Mama Katoo akajaza kingine. Nikanywa.

Haki, hayo mafuta ni matamu.

Wazee walikuwa wameanza kuongea habari za mvua na mwezi wa harusi, mambo yanaenda sawasawa kabisa, wakati tumbo lilisema neno la kwanza. Nikatabasamu. Likasema la pili. Nikasema nachungulia ugali kidogo, na hakukuwa na ugali.

Nilitoka nikitembea kama mama mheshimiwa mpaka kona. Baada ya kona nilikimbia. Mto wa kwanza ukaanguka kwa kamba ya nguo. Leso ikafunguka nikaiacha kwa karai. Mto wa pili uliingia banda la kuku la Virginia, kuku wakatoka wote wakipiga kelele kama wameona chui. Taulo ilibaki kwa mlango wa choo. Sikugeuka. Mtu katika hali hiyo hageuki.

Nilikaa huko. Nikasikia shanga zikilia nje. Mama Katoo alikuwa amefuata njia ya mito! Akaniita kwa Kiswahili chake, pole pole, akaniuliza mama, ni ugonjwa gani uko nayo, uniambie mimi, mimi ni mzazi kama wewe. Sauti yake ilikuwa ya huruma mpaka nikashindwa kudanganya. Nikamwambia yote kupitia mabati. Magoti. Sukari. Vidonge. Virginia. Kwamba niliambiwa niache, na niendelee, na niache polepole, nikasema ndiyo kwa kila mtu. Kwamba daktari alisema niache Alhamisi. Kwamba sweta ni ya Gakuru.

Nikajua harusi imekufa. Mtoto wangu, na kijana mzuri hivyo, nimewaua kwa mto wa kiti.

Halafu mabati yakaanza kutetemeka. Nikafikiri ni upepo. Ni yeye, amejishikilia hapo akicheka! Alicheka hata akakaa chini. Akaenda kuwaambia wazee kwa Kimaasai, nikasikia hao nao wameanza, mmoja akikohoa. Nilipotoka, mwembamba, ndani ya dera kubwa kama hema, Mama Katoo alinishika mabega akasema huyu si mgonjwa, huyu ni mwongo tu, mwongo anapona.

Harusi ni Aprili, mvua ikinyesha. Katoo amepewa mto mmoja aushike. Mwingine kuku wanaulalia.

Jumapili, 9 Februari

Nimeacha. Ukweli. Leo sikumeza asubuhi wala mchana.

Kanisani na nyumbani kila mtu ana maoni. Mwenyekiti anasema ningeendelea mpaka Pasaka. Virginia anasema ngoja andazi. Gakuru anasema yeye alisema hayo tangu Jumatatu. Jawahir anasema alisema polepole, na mimi nimeacha kwa haraka sana, mbele ya wazee.

Nimewasikiza wote. Sikumwambia yeyote sawa. Niliacha kwa sababu nataka kula na watu wangu bila kupima umbali wa choo. Daktari aliniuliza, nikajibu mwenyewe. Baada ya ibada nilitembea kwa miguu mpaka karibu na barabara ya Namanga na kurudi, na magoti yalinyamaza kabisa. Mchana tukakula pamoja. Nilikula kipande kidogo cha nyama, chenye mafuta pembeni, nikakaa. Nikakaa tu! Mumbi akaniuliza mama unacheka nini.

Nimejifunza. Kutoka leo mambo ya dawa ni ya mtu na daktari wake, na mimi nasema ukweli kwa kila mtu.

Jumanne, 11 Februari

Mama Katoo alikuja leo peke yake, na maziwa. Tukakunywa chai. Akaangalia mlango kama umefungwa. Halafu akaniambia polepole kwamba magoti yake pia yanalia, na vile vidonge vilivyobaki, nimevitupa?

Nikamwambia ukweli, kama nilivyoahidi. Mtu aende kwanza kwa Daktari Muthama, apimwe. Akasema daktari naye ni mtu tu, ana maoni yake, kama Virginia. Hapo nikaona ana akili.

Nikamwonya, lazima aache mafuta. Akaniuliza, sasa chakula ni nini basi? Nikafikiri sana juu ya jambo hilo. Mafuta yalinikimbiza mimi kwa sababu tumbo langu lilizoea kabichi. Yeye amekunywa mafuta ya kondoo tangu utoto. Tumbo lake linayajua, haliwezi kushtuka. Ni tofauti kabisa.

Nimempa mkebe wote, na unga wa wimbi juu. Aanze Jumapili asubuhi, baada ya kunywa maziwa na mafuta yake vizuri, ndiyo dawa ishike. Nimemwambia asimwambie Mumbi. Kwa Gakuru nimesema nimetupa. Kwa Virginia nimesema bado nameza, aache maneno.

Jumapili hiyo ndiyo wachumba watatangazwa kanisani kwetu. Nimemwekea Mama Katoo kiti cha heshima. Mbele kabisa, katikati ya safu, kati ya mhubiri na mwenyekiti, mbali na mlango ndiyo upepo usimsumbue.