Tusi la Kinyozi

Jumatatu, 3 Machi
Mhariri wa gazeti kanirudishia sura ya tatu. Eti nahodha wa chombo changu cha angani anatukana kama mlevi aliyefukuzwa baa, na gazeti linasomwa na familia. Nikamwuliza: chombo kimetoboka, hewa inaisha, watu sita wanakufa, nahodha aseme "jamani"? Akanishauri nijifunze kwa Kinyozi. Kinyozi! Jirani yangu! Mtu wa mkasi na poda, kaanza kuandika juzi tu. Nahodha wake akiudhika husema "Zubwi!" Basi. Halina maana yoyote, na mji mzima umelishika.

Jumanne, 4 Machi
Mke wangu kaungua kidole kwa pasi. Kapiga kelele: "Zubwi!" Ndani ya nyumba yangu! Nilimwuliza kama kaumia. Baadaye. Kwanza nilimwuliza kalitoa wapi.

Jumatano, 5 Machi
Nimeshinda mezani nikibuni matusi ya karne zijazo. Nimepata arobaini na moja. Bora kuliko yote: "Mkurutufyo!" Nimemsomea mke wangu. Kauliza kama ni dawa ya minyoo. Binti yetu kacheka mpaka kapaliwa. Alipopata pumzi, akatamka lile la jirani.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepita mbele ya duka la Kinyozi mara nne. Foleni hadi nje. Hata wenye vipara wamepanga foleni! Wanataka kusikia sura ijayo.

Nimerudi nimevimba kama chura, nikaandika barua bila jina. Nimejiita Mzazi Mwenye Uchungu. Nimemweleza mhariri kwamba kwa lugha ya bibi yangu, zubwi ni tusi la nguoni, halitafsiriki mbele ya wenye adabu zao. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na lugha moja tu, hii hii ninayoandikia.

Jumamosi, 8 Machi
Mhariri kaita wasomaji ofisini kwake saa nane mchana, kwa ajili ya barua ile. Nimekaa mstari wa mbele na uso wa huruma.

Kinyozi kasimama, kofia mkononi. Kasema hakulibuni neno lile. Baba yake alipooza ulimi miaka miwili kabla ya kufa, likambakia hilo moja tu. Ndilo aliloombea chai, alilomwitia mkewe, alilotukania redio.

"Hakuwahi kusafiri popote," kasema. "Nikaona neno lake nilipeleke angani."

Watu wakalia. Na mimi nikalia, kwa wivu. Baba yangu ana miaka themanini na moja na haongei hata silabi moja ya kombo! Wengine tumenyimwa kila kitu.

Mhariri akainua barua aisome. Akaigeuza. Zubwi! Nilikuwa nimeiandika nyuma ya ukurasa wa kumi na nne wa riwaya yangu, pale nahodha anapobanwa mguu na mlango. Akausoma wote kwa sauti. Mama mmoja kamziba mumewe masikio.

Kinyozi kanifuata hadi nje. Nikajiandaa kwa ngumi. Kanishika bega.

"Jirani, si ungeniambia tu kama limekukera? Tungekaa, tukazungumza."

Heri ngumi.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu kaniamuru nikamwombe Kinyozi radhi. Nikamwambia natoka sasa hivi. Nimetoka, nimekwenda kwa baba na daftari.

Nimemwomba aseme neno lolote lisilo na maana. Kaniuliza habari za nyumbani, za mkwe wake, za afya yangu. Sentensi safi, zimenyooka kama rula! Nimemvizia kwa saa tatu nzima. Hakuna kigugumizi, hakuna hata kikohozi cha maana. Mwisho nikamkanyaga kidole cha mguu kwa mguu wa kiti. Kusudi. Kwa nguvu.

"Samahani, mwanangu," kasema, machozi yakimlengalenga. "Mguu wangu ulikuwa njiani kwako."

Nimefunga daftari. Kesho najaribu kwa mama. Yeye hana subira.