Waziri na Kitabu cha Pili cha Majoka

Jumatatu, 3 Novemba

Ushindi! Kitabu cha pili cha majoka kimefika Rumonge na kiko mikononi mwangu. Nakala ni moja tu. Mama Elda, anayeongoza klabu yetu ya kusoma, aliuliza nani atakisoma wiki hii na kuwasimulia watoto wa shule ya Gatete Jumamosi. Leonidasi, fundi baiskeli, aliinua mkono. Mimi niliinua yote miwili na kupanda juu ya benchi. Mama Elda akauliza kama cha kwanza nilikisoma vizuri. Nikajibu kwamba katika klabu hakuna aliyekisoma kama mimi. Si uongo. Sikukisoma kabisa, na hakuna mwingine wa namna hiyo. Tahira, mwalimu wa watoto hao, alinitazama. Leonidasi alimtazama Tahira. Kazi imeanza.

Jumanne, 4 Novemba

Kifaransa chake si kigumu. Tatizo ni watu. Wote wanalia! Moruk, yule joka, analia mpaka moto wake unazimika. Analilia nini? Haisemwi. Mwandishi amesahau. Kitabu cha kwanza anacho Leonidasi. Nikamwombe? Mimi? Afadhali nilale ziwani.

Jumatano, 5 Novemba

Akili yangu wakati mwingine inanitisha. Nilimpitia Leonidasi kazini, nikamwambia kwamba Mama Elda amenituma niwapime wanaklabu kama bado wanakumbuka. Cha kwanza kiliishaje? Alifikiri kidogo, akafuta grisi mikononi, akasema kiliisha vizuri sana: binti Ilva yuko kwao, ameshiba, amelala, na joka wake yuko uani. Nikampongeza. Maskini, amenipa kila kitu bila kujua! Nilipoondoka alikuwa anacheka peke yake. Labda ni furaha ya kupongezwa.

Alhamisi, 6 Novemba

Pigo dogo. Shangazi Mwanvua, ninayemsaidia kuuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, sokoni, amefunika beseni la mawese kwa kitabu changu. Nilipiga kelele. Akaniuliza: "Weye, hii kitabu iko inauza ndagala ao iko inakula ndagala?" Nikamweleza kwamba ni fasihi. Akasema basi fasihi ifukuze nzi. Kurasa za katikati zimelowa mafuta, zinaonyesha hata maandishi ya upande wa pili. Faida! Nasoma pande mbili kwa pamoja. Nimehesabu sehemu ya katikati kuwa imesomwa.

Ijumaa, 7 Novemba

Tahira alikuja kununua samaki. Aliniuliza kama lile swali kubwa limepata jibu, kisha akaziba masikio haraka, akasema nisimwambie, anataka kusikia pamoja na wanafunzi wake. Nikatabasamu kama mtu anayejua. Swali lipi? Sikuuliza. Anayejua haulizi.

Jumamosi, 8 Novemba

Watoto walijaa mpaka madirishani, na Leonidasi alikuja kusikiliza. Nilianza kwa sauti nzito: Ilva ameshiba, amelala, joka yuko uani. Mtoto mmoja, Anita, akainua mkono.

"Ile siku alianguka toka mu mawingu, nani alimudaka?"

Nikasema: "Nani alianguka?"

Kelele! Kumbe cha kwanza kiliisha Ilva akianguka, na mwaka mzima watoto hawa wanasubiri kujua kama alipona, na jibu nimelikalia mimi wiki nzima! Nikajitetea haraka: aliangukia ziwani, karibu na Kigwena, wavuvi wakamtoa kwa wavu wa ndagala. Anita akaanza kulia. Alisema kule kwa Ilva hakuna ndagala, kuna barafu. Leonidasi alicheka mpaka akashika ukuta.

Tahira hakucheka. Alinipokonya kitabu, akakinusa, akakaa chini katikati ya watoto, akaanza kusoma, akigeuza kila sentensi kwa Kiswahili. Nilitaka kutoroka. Nikabaki kusikiliza. Kumbe Moruk analia kwa sababu aliruka kumdaka Ilva na akachelewa. Anamtafuta mlima hadi mlima, bila moto, akiita. Hakuna anayejibu. Leonidasi aliacha kucheka. Anita alishika suruali yangu, na sikumwondoa. Halafu chini ya theluji, mkono mmoja ukatikisika.

Yuko hai! Sikio moja halisikii tena, lakini yuko hai! Watoto waliruka, Anita aliruka, mimi niliruka zaidi ya wote. Kitu kiliniingia machoni. Kilimwingia Leonidasi pia.

Jumapili, 9 Novemba

Nimetafakari sana. Tahira ameniletea kitabu cha kwanza toka kwa Leonidasi, akasema nianzie ukurasa wa kwanza, bila haraka, na nikimaliza nimtafute tuongee. Tuongee! Murakoze, asante sana, Tahira! Kwa hiyo nimesoma ukurasa wa mwisho na kumtumia ujumbe kwamba nimemaliza.

Kosa langu sasa liko wazi. Kitabu cha pili kina wajuaji wengi mno, waliosoma cha kwanza. Cha tatu kiko njiani toka Bujumbura, na hakuna hata mmoja aliyekisoma. Nani atanisahihisha? Nimekwisha kumwambia Mama Elda nitakisimulia mimi.

Leo nafanya mazoezi ya kunguruma.